Jibu la Swali la Tatu

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zangu nyingi nimezimalizia kwa watu ambao hawakunikosea kitu. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nimekuja hapa kujipamba. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi ya tarafa moja upande wa Ikungi, msichana peke yangu kati ya wanaume wanne, na kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, mtihani.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa sheria, wa watumishi wa serikali. Ukifaulu unaondoka kwenye mashine ya chapa, unakuwa ofisa mwenye meza yako na faili zako. Ukishindwa unabaki kupiga barua za wenzako mpaka vidole vipinde. Wale wanaume wanne walinicheka vya kutosha. "Bibi Sheria huyo," walisema nikipita, "kesho atatufunga sote." Niliwajibu kwamba nikianza kufunga nitaanza na yule anayekwenda nyumbani kila siku saa nane kwa kisingizio cha tumbo. Mwenye tumbo akajifanya anatafuta faili.

Katibu Tarafa, bosi wetu, hakucheka. Alikuwa mtu wa mbali, wa huko kwenye ziwa kubwa, mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuchonga penseli zake kwa wembe hata kama hazijawa butu. Kinyaturu, lugha yetu, hakukijua hata salamu. Aliniazima vitabu vyake vya sheria, karibu vyote vya Kiingereza, nami nikavisoma na kamusi pembeni kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Kila Jumanne na Alhamisi, kazi ikiisha, alinipa swali la majaribio nilijibu pale pale ofisini, saa ya ukutani ikinitazama. Hakuniletea upuuzi wa kiume hata siku moja, hilo naliweka wazi. Alitaka nifaulu, alisema hivyo, na mpaka leo naamini alimaanisha.

"Jibu la sheria lina sehemu nne," alinifundisha. "Nani ana madaraka. Kwa sababu gani. Kwa utaratibu gani. Na asiyetii atafanywaje. Ukizipanga zote nne, maneno matamu ya nini?"

Sehemu kubwa ya mtihani ilikuwa juu ya ardhi na kuitunza. Nani anaweza kutangaza msitu kuwa hifadhi. Nani anaweza kukataza watu wasilime kwenye kingo za mto. Lini serikali inaweza kumtoa mtu kwenye ardhi yake kwa ajili ya maji ya wengi. Nilivisoma vitu hivi kwa uroho. Nilipofika mahali paliposema kwamba mtu asiondolewe kabla hajaitwa na kusikilizwa, niliinuka kwenye kiti. Mama yangu alikuwa mtu wa kusema polepole, neno na pumzi, neno na pumzi, mpaka unataka kumsukuma. Nikawaza, loo, kumbe serikali yote hii inalazimika kumngoja mama yangu amalize! Nilifurahi kwa siku nzima.

Huku nje, mambo yalikuwa yanakwenda kwa namna nyingine. Watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya Ujamaa kando ya barabara. Wengine walikwenda kwa nyimbo, sikatai, maana waliahidiwa shule na zahanati, na mimi mwenyewe niliimba nao. Wengine walikwenda kwa lori na mgambo. Kwanza walikuja vijana na ndoo ya chokaa, wakapiga alama nyeupe ukutani. Wiki mbili, tatu zikipita, lori likafuata. Ilifika mahali mtu akiona chokaa popote, hata kwenye ukuta wa kanisa, anapunguza sauti.

Nyumbani kwetu, chini ya majabali, hapakuwa pameguswa. Mama yangu alikuwa mjane, anakaa kwenye tembe alilojenga na marehemu baba, na shamba la uwele lililozunguka nyumba lilikuwa limelishwa samadi tangu enzi za babu. Udongo wake ulikuwa mweusi kama kahawa, wakati hatua mia mbele ni mchanga mwekundu mtupu. Na tulikuwa na chemchemi. Wazee walikuwa wameuliza swali moja tu kila walipojiwa: kwa nini tuyaache maji twende yasipo maji? Hakuna ofisa aliyekuwa na jibu, na kwa hiyo faili la kwetu lilikaa juu ya meza ya Katibu Tarafa bila kusogea. Wakubwa kutoka wilayani walikuja mara mbili kuliulizia. Mlango ukafungwa, sauti zikapanda. Walipoondoka, bosi alichonga penseli tatu mfululizo mpaka zikabaki vipande.

Alhamisi iliyofuata alinipa karatasi ya maswali matatu, akaniambia nichague moja. Nilichagua la tatu. Lilisema hivi: chanzo cha maji kinachotegemewa na watu wengi kimezungukwa na makazi, mashamba na mifugo. Wewe ni ofisa wa serikali. Eleza madaraka uliyo nayo na hatua utakazochukua.

Jamani, nani atajibu swali kama hilo hewani? Mtu anatafuta mfano anaoujua. Nikaiweka chemchemi yetu pale kwenye karatasi. Niliandika kwamba tembe la kwanza liko hatua arobaini tu juu ya jicho la maji. Niliandika ng'ombe wanateremkia upande gani, mashamba ya viazi vitamu yameingia wapi kwenye majani mabichi, na kwamba mwezi wa Oktoba maji hupungua mpaka mtu anachota kwa kibuyu kidogo. Nilijua kila kitu, ndiyo raha ya swali lile. Kalamu ilikimbia yenyewe.

Kuna jambo nililijua na sikuliandika. Chemchemi ile ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wanawake wa nyumba zile za jirani, mama yangu akiwa mmojawao. Hakuna aliyeruhusiwa kutumbukiza chungu chenye masizi. Ng'ombe hawakukanyaga jicho, walinywea kwenye mfereji uliochimbwa chini zaidi. Mtu akikamatwa na shoka kwenye miti ya pale alitoa kondoo, na kondoo huyo aliliwa na wote mbele yake, na yeye hapati hata mfupa. Nikiwa msichana mdogo niliwahi kumwona mwalimu mzima akilipa kondoo huyo huku analia. Lakini katika vitabu vya bosi hapakuwa na mahali pa kuwaweka wanawake wenye kondoo. Niliona watanipotezea alama, basi nikawaacha.

Saa ikawa imenikimbia. Nilipofika kwenye utaratibu zilibaki dakika chache, na jambo la kuwasikiliza watu lina maelezo marefu: notisi, siku za kungoja, baraza, majibu. Nikafanya alichonifundisha bosi mwenyewe, kwamba muda ukibana, chukulia jambo limefanyika na songa mbele. Nikaandika, "Tuchukulie kwamba wananchi wamekwisha kuitwa na kusikilizwa." Nikarukia adhabu.

Bosi alisoma amesimama. Akasoma tena ameketi.

"Mahali hapa pako kweli?" aliuliza.

"Ndipo nyumbani kwetu, Mzee."

"Mh." Akaweka alama za juu kuliko zote alizowahi kunipa, kisha badala ya kunirudishia karatasi akaitia kwenye droo. "Hii nitakaa nayo."

Mimi mjinga nilirudi chumbani kwangu nikicheka peke yangu njiani.

Siku kumi hivi baadaye aliniita asubuhi akanipa karatasi niipige kwenye stensili, nakala nyingi, za kubandikwa na kusomwa. Niliutambua mwandiko kabla sijashika. Ulikuwa wangu. Juu ameongeza kichwa cha habari, AMRI YA KULINDA CHANZO CHA MAJI, na chini ameacha nafasi ya saini ya wilayani. Katikati, kwa wino mwekundu, alikuwa amekata maneno mawili tu, "Tuchukulie kwamba". Yaliyobaki yakasomeka kama jambo lililotokea. Wananchi wamekwisha kuitwa na kusikilizwa.

Niliiweka karatasi mezani mbele yake.

"Mzee, hili ni jibu langu la mtihani."

"Ni jibu zuri. Wilayani wamelipenda sana. Kwa nini niandike upya?"

"Lakini hawajaitwa."

"Wataitwa. Jumatano tutakwenda, nawe utawasomea kwa lugha yao."

"Huko si kusikilizwa, Mzee. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ningejua la kufanya, mimi na hasira tunafahamiana. Alichukua wembe, akachukua penseli.

"Barua ya kukupendekeza kwenye mtihani iko hapa," alisema taratibu. "Sijaisaini bado. Kazi zimekuwa nyingi. Na hawa watu, binti, watahama tu, kwa karatasi hii au bila karatasi. Kwa karatasi ni heshima zaidi."

Nilirudi kwenye mashine. Ningeweza kusema mashine imeharibika. Ningeweza kuiruka ile sentensi. Ningeweza kukosea, watu wanakosea kila siku. Nilipiga ukurasa mzima bila kosa hata moja, na nilipomaliza niliusoma tena kuhakikisha.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwa miguu nikiwa nimekusudia kumwambia mama. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya tembe, ana kitambaa na majivu, anasugua ukuta. Alama ya chokaa ilikuwa imeenea badala ya kutoka, ukuta mzima umekuwa na weupe mbaya kama ukurutu. Tulisalimiana. Nilimwinua, nikampangusa magoti.

"Walikuja vijana," alisema kwa Kinyaturu, kwa ule mwendo wake wa neno na pumzi. "Nikawauliza hii ni nini, wakasema muulize binti yako, yuko serikalini. Haya, nakuuliza. Ni nini?"

"Wanahesabu nyumba tu, mama."

"Tu?"

"Tu."

Aliniangalia, akapumua. "Basi nimejichosha bure," akasema, akacheka, akaingia ndani kunipikia ugali wa uwele na mlenda. Mpaka nakula alikuwa anacheka ujinga wake wa kuogopa chokaa. Nilikula matonge mawili nikaacha. Aliniuliza kama ni homa, nikasema ndiyo. Alinifungia mlenda mkavu wa kwenda nao, akanisindikiza mpaka kwenye chemchemi, akanisisitiza nisisome sana kwa maana macho yangu ni ya baba. Niliona aibu mpaka nikamkaripia kwamba ananichelewesha. Ndivyo nilivyo mimi, nikikosa ninagomba.

Jumatano tulikwenda na lori, bosi mbele, mimi katikati, mgambo sita nyuma. Saini ilikuwa imekuja, na mhuri. Watu walikuwa wamekusanywa kwenye uwanja wa mnada, wanaume wamekaa mbele, wanawake nyuma upande wa jua. Bosi alisema machache juu ya taifa na maendeleo, kisha akanikabidhi karatasi.

Nilisoma kwa Kiswahili kwanza, haraka, nikitumaini upepo utachukua nusu. Halafu kwa Kinyaturu. Nilipotaja hatua arobaini, mzee mmoja aliinua kichwa. Nilipotaja njia ya ng'ombe, wawili, watatu wakageuka kutazamana. Nilipotaja kibuyu kidogo cha Oktoba, wanawake wote nyuma wakawa wananitazama mimi. Mgeni gani anajua habari za kibuyu? Mtu wa ziwani atakijuaje? Niliendelea, nikafika kwenye ile sentensi, nikaisoma kwa lugha ya mama yangu, kwa sauti ya kusikika, kwamba tumekwisha kuitwa na kusikilizwa.

Mama yangu akasimama.

Mjane hasimami hivi hivi katikati ya wanaume. Wazee waligeuka, mmoja akamwonyesha kwa mkono akae. Hakukaa. Alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani. Alisema kwa Kinyaturu, neno na pumzi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kumsukuma, nilitaka asifike mwisho.

"Tulisikilizwa lini?"

Basi. Hakuongeza kitu. Alibaki amesimama anangoja, si kwa ukali, kama mtu aliyeuliza bei.

Bosi aliniinamia. "Anasemaje?"

Wapo waliojua lugha zote mbili pale uwanjani. Mwenyekiti wa kijiji alijua. Mgambo wawili walikuwa watoto wa tarafa yetu. Vijana waliosoma walijua. Ningesema maneno mawili ya kweli, bosi angelazimika kuyajibu mbele za watu, na yule bwana, namfahamu, alikuwa mwoga wa kusema uwongo kwa mdomo wake. Kwenye karatasi aliweza, ila kwa mdomo alishindwa. Huenda angesema turudi wiki ijayo. Huenda wiki ijayo ingezaa nyingine. Barua yangu ilikuwa bado haina saini.

"Anauliza watahama lini," nikasema.

"Mwambie Jumamosi."

Nikageuka nikamwambia mama yangu, Jumamosi.

Hakuna aliyenisahihisha. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Mgambo mmoja akakohoa. Mama alikuwa na Kiswahili cha mnadani, cha kuuzia kuku na kununulia chumvi, na kwa Kiswahili hicho aliyaelewa maneno yangu matatu bila shida. Nilijua ameyaelewa, kwa kuwa hakushtuka kusikia Jumamosi. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha na mwingine njiani, ukamkimbilia, ukakuta siye. Akakaa chini.

Jumamosi lori lilikuja. Mgambo waliezua matembe ili mtu asirudi, wakaangusha nguzo, vumbi la udongo wa paa likatanda mpaka kwenye majabali. Mimi nilikuwa ofisini. Nilisikia habari yote kutoka kwa yule mwenye tumbo, ambaye siku hiyo hakwenda nyumbani saa nane, wala hakuniita Bibi Sheria. Alinieleza kwamba mama yangu alipanda lori mwenyewe, bila kushikwa, na kwamba hakubeba kitu ila jiwe la kusagia.

Barua ilisainiwa. Nilifanya mtihani, nikafaulu vizuri. Swali moja lilikuwa juu ya haki ya kusikilizwa, na nililijibu kwa kirefu, muda ulinitosha.

Chemchemi ililindwa kwa amri kwa muda wa kiangazi kimoja. Wanawake hawakuwepo tena. Watu walihitaji nguzo za nyumba mpya kule barabarani, na miti ya karibu ilikuwa ile. Wakaja na mashoka na hakuna wa kudai kondoo. Ng'ombe wa mbali wakafuata, wakalikanyaga jicho. Nikiwa ofisa mwenye meza yangu nilitumwa kukagua chanzo hicho na kuandika taarifa. Nilikuta tope lililopasuka na nyayo za ng'ombe zilizokauka ndani yake. Niliandika taarifa, sehemu nne, na nikaipeleka, na hakuna aliyeijibu.

Mama alipewa kiwanja kwenye mstari wa nyumba kando ya barabara, kwenye mchanga mwekundu mtupu. Nilikwenda kumwona mara ya kwanza baada ya wiki tatu, nimebeba sukari na blanketi. Nilimsalimia kwa Kinyaturu, kwa adabu zote, nimepinda magoti. Alikuwa anapepeta mtama. Akainua macho.

"Karibu, ndugu," alisema kwa Kiswahili. "Kaa kiti."

Nilidhani ni mzaha. Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza kwa Kiswahili habari za kazi, akashukuru sukari kwa Kiswahili, akanipa uji, na kila nilichosema kwa Kinyaturu alikijibu kwa Kiswahili chake kilichokatika-katika, akitafuta maneno kwa taabu, lakini kwa upole. Kwa majirani alisema Kinyaturu. Kwa mbuzi alisema Kinyaturu. Nilimsikia akisali, na aliposali alisema Kinyaturu. Mwanzoni nilimfokea. Nikafuatia kubembeleza, nikamletea mchungaji, akamjibu mchungaji vizuri kwa Kinyaturu kwamba yeye na mimi hatuna ugomvi. Na kweli hatukuwa na ugomvi. Hakunituhumu mbele ya mtu, wala hakuna aliyesikia kwake kwamba maneno ya amri ile yalikuwa yangu. Alinilinda. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, na inaniuma mpaka leo.

Miaka ikapita hivyo. Alipougua kwa mara ya mwisho nilichukua likizo nikamuuguza mwenyewe, nikamwosha, nikamlisha. Asubuhi moja alikuwa ameamka na nguvu kidogo, ameketi ameegemea ukuta, jua linamfikia miguuni. Nilipiga magoti pale chini nikamweleza kila kitu kwa Kinyaturu, swali la tatu, wino mwekundu, barua. Nikalia. Nikamwomba aniite mara moja tu lile jina alilokuwa akiniita utotoni, neno moja, halafu asiseme tena akitaka.

Alininyooshea mkono, akanifuta uso kwa pindo la kanga. Alifikiri sana, midomo ikijaribu maneno kabla hayajatoka.

"Nikisema Kinyaturu," akasema kwa Kiswahili, neno na pumzi, "nani atatafsiri?"